Kabla ya Kukata Mkuku

Tulya, Ziwa Kitangiri
14 Agosti 2022

Babu Ezekieli, shikamoo.

Huku tupo. Kideri kimepita na kuku, wamebaki sita na jogoo mmoja ambaye tangu wenzake wafe hataki kuwika. Mama hajambo, ila mgongo unamsumbua asubuhi. Anakusalimu, na kama kawaida yenu salamu zake lazima zipitie mdomoni kwangu, maana kwetu mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso, sembuse kumwandikia. Haya, zimefika. Na masikio yako vipi? Nilimpigia jirani yako Yasinta, akasema siku hizi hata ngoma ya kanisani huisikii. Ndiyo maana nimenunua daftari. Simu yako wewe ni kalamu, mume wangu.

Jambo lenyewe ni hili, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Tumenunua mashua ya tanga, ya mbao, futi ishirini na mbili, imeletwa na lori kutoka Magu. Tumeuza ng'ombe wote wanne. Nataka nivushe mizigo ng'ambo, mpunga na vitunguu, na watu wa mnada. Kuzunguka kwa barabara ni siku nzima, na pikipiki haibebi magunia kumi.

Mashua ni nzuri, ila ni ya ziwa kubwa. Uti wake wa chini, ule mnaouita mkuku, unashuka futi mbili na nusu. Na ziwa letu unalijua. Misimu miwili ya mvua imekuwa mibaya, maji yamekimbia, unatembea hatua mia mbili bado yako magotini. Tuliishusha, ikaenda kidogo, ikakita kwenye tope. Iko pale mpaka leo, imelala ubavu, jua linaipiga. Fundi Raymond anayetengeneza vitanda anasema nimwachie, kesho analeta msumeno. Nimemzuia.

Babu, najua baba alikufa kwenye mashua iliyokatwa mkuku, na najua aliyeikata ni wewe. Lakini najua pia ilitembea mwaka mzima bila neno. Hakuna mwingine wa kumwuliza. Nikate kiasi gani, na niweke nini badala yake?

Mjukuu wako na mke mdogo,
Yunisi Simoni


Issuna
9 Septemba 2022

Mjukuu wangu Yunisi,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku kumi kwa Miraji pale Mkiwa, chini ya vitunguu anavyouzia abiria. Kondakta akimpa, yeye anasubiri mtu wa Issuna apite. Imenifikia inanuka mchuzi. Usifikiri nilinyamaza kwa kusudi.

Mimi nipo. Alizeti nimeuza, bei ya kuchekesha. Mbuzi kazaa pacha, mmoja kafa. Yasinta ananiletea uji asubuhi, anaongea na mimi kwa mikono, na mimi natikisa kichwa hata kama sijaelewa, basi anaridhika anakwenda zake. Jioni nakaa mlangoni naangalia malori ya Dodoma yanapita. Nayaona, siyasikii. Mengi nimezoea, hilo bado.

Sasa hiyo mashua. Nani kawaambia muuze ng'ombe wote? Hata mmoja wa maziwa hamkubakiza? Ama kweli mkaidi hafaidi ila siku ya Idi. Jibu langu ni hapana. Irudisheni Magu, au mumpe mtu kwa bei yoyote. Mimi maji nimeyaacha. Nimerudi kwa wazee wangu kulima mtama, na hapa Issuna maji ya kumzamisha mtu hayapo, namshukuru Mungu kwa hilo.

Huyo Raymond asiguse kitu. Na usiniulize tena habari ya mkuku.

Msalimie mama yako.

Babu yako,
Ezekieli Ntandu


Tulya
27 Septemba 2022

Babu, shikamoo.

Wote wazima. Mama amepata nafuu ya mgongo, amelima matuta mawili ya mchicha.

Tuirudishe Magu kwa kuibeba kichwani? Lori lilishusha likaondoka. Nani atanunua mashua iliyolala kwenye tope? Mbao za juu zimeanza kuachana, kidole changu kinapita. Ikifika Krismasi hatujaigusa, itakuwa kuni. Ng'ombe wamekwenda, mashua nayo itakwenda, tutabaki mimi na mama tunatazamana.

Na kuna jingine. Nikipita gengeni wanasema, wala hawapunguzi sauti, "Mtoto wa Simoni huyo, anakwenda kufa kama baba yake. Si alitupa mawe ya uzito ili apakie magunia zaidi? Uzembe wao ni wa ukoo." Mama anasikia, anainamisha kichwa, ananunua nyanya zake anaondoka. Miaka kumi na moja anasikia hayo hayo. Kuteka maji anakwenda mtoni, ufukweni hakanyagi.

Wewe ulikuwepo siku ile. Umetengeneza vyombo hapa Tulya miaka ishirini, watu wote walikuwa wanakuita fundi. Msiba ulipoisha ulifunga sanduku ukaondoka, hukurudi hata mara moja, na ni safari ya siku moja tu kwa basi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, babu. Nilifikiri nimekukosea kitu. Nilikaa muda mrefu nikijiuliza nimekukosea nini.

Nimempa Raymond mpaka katikati ya mwezi wa kumi. Usiponiambia, atakata anavyojua yeye, na anachojua yeye ni vitanda. Unaogopa nini?

Yunisi


Issuna
8 Oktoba 2022

Mkaidi mtoto wa mkaidi,

Marahaba. Safari hii simwachii Miraji. Kesho napanda pikipiki mpaka Mkiwa, nitasimama juani hata kwa saa tatu, nimkabidhi kondakta mkononi, barua na kifurushi. Hukunikosea kitu. Hilo liandike mahali ulisome ukisahau.

Ndani ya kifurushi kuna kijimashua, usimpe mtoto achezee. Nimekichonga kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye mlango wa Yasinta. Nilikikata mkuku, nikakitia tanga la mkono wa shati, nikakipeleka lambo, pale wanaponywesha ng'ombe. Wachungaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee wa miaka sabini na mbili, suruali imekunjwa, anaendesha chombo katikati ya ng'ombe! Mara ya kwanza kilipinduka. Mara ya pili kikaenda upande upande kama mlevi anayerudi nyumbani. Mara ya tatu kikavuka lambo zima. Kufika jioni Issuna yote walijua nimerukwa na akili, na Yasinta kwa huruma akaniongezea sukari kwenye uji.

Sasa soma polepole. Mkuku una kazi mbili. Unazuia upepo usisukume chombo kwenda upande, na uzito wake unakiweka wima. Ukiukata, kazi hizo mbili hazijafa, lazima uzipe mwenye kuzifanya. Kwa hiyo kata, uache shubiri moja chini ya mbao. Mshono wote uzibe kwa pamba na lami. Kisha kila ubavu, pale tumbo la mashua linapoanza kupinda, weka mkuku mdogo wenye urefu wa hatua nne. Usipigilie misumari. Tumia bolti, zipite mpaka kwenye mbavu za ndani, nati ikazwe huko. Hiyo miwili itazuia kwenda upande, na maji yakipungua mashua itasimama juu ya tope kwa miguu yake yenyewe, haitalala. Usukani nao ufupishe. Wengi husahau hapo, chombo kinapita salama halafu usukani unang'oka. Mlingoti upunguze futi tatu, na tanga lifuate.

Uzito ni mawe. Mawe ya mviringo, kila moja la kubebwa na mtu mmoja kwa shida, mawe ishirini. Yakae kwenye kasha chini kabisa, katikati, juu yake ubao, na ubao ufungwe kwa kufuli. Nasema kufuli, Yunisi. Mawe hayo yasitoke. Hata kama unaziba tundu, hata kama ni kwa usiku mmoja. Kila asubuhi kabla hujashika kamba, fungua, uyahesabu kwa mkono wako. Usimwamini mtu akikuambia yamo, hata awe nani. Bila mawe, chombo hicho ni ungo juu ya maji.

Nimemaliza. Zaidi ya hapo usiniulize.

Babu yako


Tulya
16 Novemba 2022

Mume wangu mchezea lambo, shikamoo.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Nikamsomea. Akacheka na yeye, babu. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Raymond ameshakata. Alinung'unika siku mbili kwamba fundi wa Issuna asiyeiona kazi anamfundisha fundi aliye kwenye kazi, ila alipoona kijimashua chako akakipima, akafuata. Tulikodi vijana kumi na jozi tatu za ng'ombe, tukaikokota mpaka pakavu. Bolti nimezipata Kiomboi. Mikuku midogo imekaa vizuri, usukani tumeufupisha. Bado lami na rangi.

Kijimashua chako mama alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole gumba chini yake. Akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Kisha akaenda nyuma ya nyumba, hakurudi mpaka ugali ukaungua.

Sasa najua umesema nisiulize. Lakini umeandika mawe yasitoke "hata kama unaziba tundu, hata kama ni kwa usiku mmoja." Nilimsomea Raymond ajue kazi. Akaweka msumeno chini akasema, "Hilo si neno la fundi anayekisia. Huyo anasema kitu alichokiona." Babu, ni hivyo? Baba aliyatoa mawe azibe tundu, akasahau kuyarudisha? Maana kama ni hivyo basi hakuyatupa kwa tamaa ya magunia. Niambie, nikawaambie wa gengeni. Niambie, nimwambie mama.

Yunisi


Issuna
19 Desemba 2022

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mvua imenyesha mara tatu, za maana. Nimepanda mtama na alizeti kidogo. Yasinta amekwenda Manyoni kwa wanawe mpaka mwaka mpya, uji napika mwenyewe na kila siku unashika chini. Krismasi kwaya ya Ikungi inakuja kanisani kwetu. Nitakaa kiti cha mbele niangalie midomo yao.

Kufuli nunua la shaba, la chuma litashika kutu mwezi mmoja. Bolti zipake grisi. Rangi ya chini isiwe ya maji.

Juzi niliota nasikia maji yanagonga mbao. Nilisikia kabisa, kwa masikio haya. Nilipoamka kimya, nikakaa kitandani nikalia, mzee mzima. Sijui kwa nini nakuandikia hayo. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja.

Umeuliza kitu. Kiache. Aliyelala tumwache alale.

Krismasi njema kwako na kwa mama yako.

Babu


Tulya
10 Februari 2023

Babu, shikamoo.

Hujaona barua yangu karibu miezi mitatu kwa sababu sikuwa na la kuandika. Sasa ninalo.

Mashua iko tayari tangu mwaka mpya. Tumeipaka rangi ya buluu, inasimama ufukweni kwa miguu yake kama ulivyosema. Mawe ishirini yamo, nimeyahesabu, kufuli la shaba lipo. Maji yamepanda mpaka kiunoni. Watu wa vitunguu wananiuliza kila siku tunaanza lini. Hatujaanza.

Siku niliyotaka kuisukuma, mama alikuja ufukweni. Mara ya kwanza tangu msiba. Alipita katikati ya watu, akapanda, akakaa juu ya ubao wa mawe, akasema, "Mwanangu haingii majini mpaka nijue." Nikambembeleza. Raymond akambembeleza. Akakaa mpaka jua likazama, na kesho yake akaja tena. Hapo ndipo aliponiambia, na ameniambia nikuandikie kama alivyosema, nisipunguze. Anasema ndiyo mara ya mwisho salamu zake kupita kwangu. Maneno yake haya.

"Mwambie baba mkwe mawe hayakutupwa ziwani. Yalikuwa ufukweni, yamepangwa safu mbili, yamenyooka. Simoni hakuwahi kupanga kitu kikanyooka, hata viatu vyake. Asubuhi ile nilikuwa nafua pale pale pembeni ya mawe, nimejifunga kanga kifuani, mabega wazi. Nilimwona baba mkwe akishuka kwenye njia. Aliponiona akageuka. Baadaye Simoni akaja na watu wake, wakapakia, akaniaga, wakaenda. Mimi ni mtu wa shamba, chombo sijawahi kupanda. Sikujua mawe ni ya nini. Saa saba upepo ukaja. Jioni wanawake waliyachukua mawe yale wakayafanya mafiga, tukapikia watu wa msiba siku tatu. Ndipo niliposikia wanaume wakisema Simoni ametupa mawe ya uzito, na mimi nimekaa natazama sufuria liko juu yake.

"Sikusema. Ningesema ningekuwa namtaja mkwe wangu mbele ya watu. Lakini miaka kumi na moja nalala na swali moja. Alikuwa anakuja kuyarudisha? Na kama ndivyo, ni mimi niliyemfukuza kwa kukaa pale? Kama ni mimi, aniambie. Nitabeba. Kutojua ndiko kulikonichosha."

Ndivyo alivyosema, babu. Mama anasoma, polepole, kwa kidole. Jibu usilete kwangu.

Yunisi


Issuna
2 Machi 2023

Kwa Editha, nyumba ya Simoni.

Habari za huko. Mimi nipo, mtama umefika kiunoni. Nimeharibu karatasi nne, hii ni ya tano. Kwetu mkwe hamwiti mkwewe kwa jina lake, na mimi sijawahi kukuita. Leo nakuita. Wazee watanisamehe, wasiponisamehe basi.

Mawe niliyatoa mimi. Siku iliyotangulia, jioni, mashua ilikuwa inavuja chini ya kasha. Nikayatoa, nikayapanga pale ufukweni, nikaziba kwa pamba na lami, nikarudisha ubao juu ya kasha tupu. Nilisema lami ikauke usiku, alfajiri nitayarudisha. Simoni sikumwambia kwamba mawe yako nje, kwa sababu nilijua nitamtangulia. Alfajiri nikaja. Nikakuona. Nikageuka.

Umeuliza kama ni wewe. Si wewe, Editha. Desturi haimwambii mwanaume ageuke arudi. Inamwambia akohoe. Akikohoa, mkwe anajifunika, anapisha, na yeye anafanya kazi yake. Uliishi nyumbani kwangu miaka kumi na minne, nikakohoa kila siku, na kila siku ulinipisha. Asubuhi ile sikukohoa. Kulikuwa na baridi, mgongo ulikuwa unauma, mawe ishirini ni mazito, na nilipokuona nilifurahi kupata sababu ya kurudi kitandani. Nilirudi nikalala. Nilipoamka jua liko juu na tanga liko mbali ziwani. Nilikimbia, nikapiga kelele, nikaingia majini mpaka shingoni. Upepo ulikuwa umeshaanza.

Kasha lilipokutwa tupu wakasema msibani kwamba Simoni aliyatupa, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanaume na kikombe mkononi. Nikanywa. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili yako, usije ukajua ulikuwa umekaa wapi. Nilikuwa najidanganya. Nilinyamaza kwa ajili yangu, nikakuachia swali ulale nalo, nikaja kujificha huku kusiko na maji. Nisamehe ukiweza. Usipoweza ni haki yako.

Barua hii ipelekeni gengeni. Raymond aisome kwa sauti, aanzie juu mpaka jina langu. Simoni hakuwa mzembe. Alipanda chombo akijua baba yake amemaliza kazi.

Mwachie mtoto aende majini. Kazi yake ni nzuri, na mawe amehesabu mwenyewe.

Siombi kuja. Lakini ukiniita nitakuja, Editha, na nikifika mlangoni nitakohoa.

Ezekieli Ntandu,
baba yake Simoni